Upepo wa Isfjorden: kwa nini modeli na kituo havisemi lugha moja

*Swali:* Nilisoma hali ya hewa Dar es Salaam, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuendesha WRF, modeli ya kompyuta ya hali ya hewa, kwenye pwani ya Tanzania nyakati za kusi na kaskazi. Sasa niko Norway kwa shahada ya uzamili. Natakiwa kutengeneza upepo wa mita 10 juu ya maji ya Isfjorden, hori kubwa kule Svalbard (visiwa vya Norway huko Aktiki), kuanzia Novemba hadi Machi, ili uingizwe kwenye modeli ya mawimbi. Nilichukua mipangilio yangu ya zamani, nikabadilisha projeksheni ya ramani tu, kutoka Mercator kwenda ile ya ncha, nikailisha ERA5, yaani uchambuzi upya wa hali ya hewa ya dunia nzima. Gridi ni ya kilomita 3, tabaka 35. Nalinganisha na kituo cha uwanja wa ndege wa Longyearbyen. Siku nyingine kituo kinasoma mita 11 kwa sekunde, modeli inanipa 4. Siku nyingine modeli inanipa 12, kituo kinasoma 3. Mwelekeo nao umepinda kwa nyuzi kama 15, karibu kila siku, upande uleule. Wenzangu wanasema nishuke hadi kilomita 1 na mambo yatanyooka. Wengine wanasema nichukue upepo wa ASCAT, rada iliyo juu ya satelaiti, nisahihishie. Nianzie wapi?

*Jibu:* Anzia chini kabisa, kwenye uso wenyewe: wapi pana maji, wapi pana barafu, na kila kimoja kina jotoridi gani. Ukitoka hapo nenda kwenye tabaka za chini za modeli. Gridi ya kilomita 1 ina nafasi yake, lakini si dawa ya kwanza, na ASCAT haitakufaa ndani ya hori hata kidogo. Nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tuondoe kosa dogo ambalo dalili zake umezitaja mwenyewe bila kulishuku.

Mwelekeo unaopinda kwa kiasi kilekile kila siku ni hesabu ya ramani, hewa haihusiki. U10 na V10, vipande viwili vya upepo wa mita 10 vinavyotoka WRF, zinafuata mistari ya gridi, hazifuati kaskazini ya kweli. Kwenye Mercator vitu hivyo viwili ni kimoja, ndiyo maana pwani ya Tanzania hukuwahi kuliona tatizo hili. Kwenye projeksheni ya ncha, gridi inalingana na kaskazini ya kweli kwenye longitudo moja tu, ile uliyoiandika kama stand_lon. Longyearbyen ipo karibu nyuzi 15.6 mashariki. Ukiwa umeacha stand_lon kwenye 0, mkengeuko wako ni nyuzi 15.6, na ndicho unachokiona. Ndani ya faili la matokeo kuna SINALPHA na COSALPHA, yaani sini na kosini ya pembe hiyo ya mkengeuko. Upepo wa kwenda mashariki ni U10 × COSALPHA − V10 × SINALPHA. Wa kwenda kaskazini ni V10 × COSALPHA + U10 × SINALPHA. Fanya hivyo kabla ya kuchora mchoro mwingine wowote, na kabla ya kuipa modeli ya mawimbi hata saa moja ya upepo. Nyuzi 15 ndani ya hori jembamba zinaweza kuyageuza mawimbi yanayokwenda na mkondo wa hori yakawa ya kugonga ukuta. (Kubadilisha projeksheni ulifanya vyema. Mercator iliyonyooshwa kwa latitudo ya Dar es Salaam ingekuwa na visanduku vya mita 600 na kitu kule juu, huku wewe ukiviita kilomita 3.)

Sasa tuje kwenye kasi. Mipangilio ya pwani ya Tanzania imejengwa juu ya mambo mawili ambayo Svalbard hayapo. La kwanza ni jua. Huku kwetu upepo wa pwani una saa yake: asubuhi umande unatoka nchi kavu, mchana bahari inapumua kuelekea bara, na modeli ikikosea kidogo, jua la kesho linaisahihisha. Longyearbyen jua halichomozi tangu mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari. Ardhi inapoteza joto usiku na mchana, hewa baridi inalala mabondeni, kisha inateremka bonde la Adventdalen kuelekea majini. Ni kama umande usiokuwa na asubuhi ya kuukatisha. Kosa la uso likishaingia linabaki, linajilisha lenyewe kwa siku nzima au wiki. La pili ni mzunguko wa dunia. Kigezo cha Coriolis kwenye latitudo 78 ni takriban mara 8 ya kile cha Dar es Salaam, kwa hiyo hewa inayozuiwa na milima haisambai ovyo. Inageuzwa, inabanwa ukutani na kukimbia sambamba na pwani.

Kwa hiyo fungua wrfinput, faili la hali ya kuanzia, ya tarehe moja tu. Chora LANDMASK (nchi kavu au maji), SST (jotoridi la bahari), SEAICE (barafu) na TSK (jotoridi la uso) kwa eneo la Isfjorden peke yake, karibu kabisa, mpaka uvione visanduku kimoja kimoja. Usichore Svalbard nzima, rangi zitakudanganya. Visanduku vya ERA5 vina upana wa kilomita 31 hivi. Mdomo wa Isfjorden una kilomita 10 tu. Maana yake ERA5 haijui vizuri kwamba hori lipo, na jotoridi la bahari halina thamani kwenye visanduku vinavyohesabiwa kuwa nchi kavu. WPS, programu inayoandaa data za WRF, inapokuta pengo hilo inatafuta thamani mahali pengine. Ukiwa na bahati inachukua maji ya nje, ambayo yamepashwa na mkondo wa Atlantiki. Ukikosa bahati inachukua jotoridi la uso wa ardhi, na hapo utaona Billefjorden, tawi la ndani la hori, yenye “maji” ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Maji ya bahari hayawezi kuwa hivyo. Yanaganda kwenye nyuzi −1.8 hivi. Kanuni ya kupekua ni rahisi: kisanduku chochote cha maji chenye SST chini ya 271.35 K ni kosa. Angalia pia aina ya ardhi. Matawi ya ndani ya hori wakati mwingine huandikwa kuwa ziwa, na ziwa hupewa jotoridi na modeli kwa njia nyingine.

Barafu ina tatizo lake. Ramani za barafu zinazotokana na mawimbi ya maikro ya satelaiti huchafuliwa na nchi kavu, kwa kuwa doa moja la kipimo hushika ufuo na maji kwa pamoja, na ufuo huonekana kama barafu. Unapata ukingo mweupe kuzunguka hori lote hata kama maji yako wazi. Na kwa Isfjorden hilo si jambo dogo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 sehemu kubwa ya hori imekuwa wazi majira mengi ya baridi, barafu ikibaki zaidi kwenye matawi ya ndani kama Tempelfjorden na Billefjorden. Dawa yake ni kazi ya mkono: chukua ramani za barafu zinazochorwa na wataalamu wa huduma ya barafu ya taasisi ya hali ya hewa ya Norway. Hutolewa siku za kazi. Ziweke kwenye gridi yako tawi kwa tawi. Zinachosha, lakini miezi 5 ni siku 150 na hori halibadiliki kila siku.

Kwa nini nasisitiza barafu wakati wewe umeuliza upepo? Chukua usiku mmoja, mita 100 juu ya hori upepo ni mita 12 kwa sekunde. Chini yake weka maji wazi. Hewa imetoka bondeni ikiwa na nyuzi −15, maji yana sifuri au moja. Joto linapanda kwa nguvu, wati mia kadhaa kwa kila mita ya mraba, hewa inachemka kama uji, na kasi ya juu inaletwa chini. Hata ukihesabu bila kuchemka huko, kwa kanuni ya logi na ukwaruzo wa bahari wa mita 0.0002, upepo wa mita 10 unatoka karibu 9.9. Sasa weka barafu yenye theluji palepale, ukwaruzo mita 0.001, hewa imetulia kitabaka kwa kiasi cha kati tu, yaani urefu wa Obukhov, kipimo cha utulivu huo, ni mita 100. Hesabu ileile inatoa karibu 7. Hewa ikitulia zaidi ya hapo, kanuni yenyewe inaacha kufanya kazi: hewa ya chini inajitenga kabisa na ya juu, na kupata 3 au 4 chini ya 12 si ajabu. Upepo wa juu haujabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni rangi ya kisanduku. Msukumo juu ya maji hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo ukiweka 7 badala ya 10 umeipa modeli ya mawimbi nusu ya nguvu.

Ndiyo maana nadhani sehemu ya ile “modeli 4, kituo 11” imetoka hapo. Mipangilio ya Tanzania haikuwa na haja ya barafu, kwa hiyo bila shaka swichi yako ya fractional_seaice ni 0, na modeli inahesabu kisanduku kuwa barafu tupu mara sehemu yake iliyoganda inapofika nusu. Iweke 1. Kisha angalia seaice_thickness_default, unene wa barafu. Thamani inayokuja na modeli ni mita 3. Hiyo ni barafu nzito ya bahari kuu ya Aktiki, si ya hori linaloganda Januari na kuyeyuka Mei. Kwenye matawi ya Isfjorden nusu mita ni kadirio la busara zaidi. Barafu ya mita 3 huzuia joto la maji lisipande, uso unapoa kupita kiasi, hewa inatulia, na upepo wa chini unakufa. Ukingoni, maji na barafu vinapochanganyika, ukwaruzo huwa mkubwa kuliko wa barafu kamili au wa maji kamili, kwa sababu kingo za mapande husimama mbele ya upepo kama vibao. Kilele huwa pale barafu inapofunika nusu ya uso au zaidi kidogo. WRF ya kawaida haihesabu hilo. Kwa hori lako si kosa kubwa, ila ulitaje kwenye tasnifu.

Kuna njia nyingine ya uso kupoa kupita kiasi, na watu wengi hawaiangalii: mawingu. Aktiki ya majira ya baridi ina hali mbili. Anga likiwa safi, uso unapoteza takriban wati 40 kwa mita ya mraba. Likifunikwa na wingu la chini lenye matone ya maji ambayo hayajaganda ingawa yako chini ya sifuri, hasara inakaribia sifuri. Mpango wa mawingu uliokufaa kwa mvua za masika unaweza kugandisha matone yote haraka, anga la modeli likawa safi, uso ukapoa, na mlolongo uleule ukarudi. Tumia mpango wa Morrison au wa Thompson, kisha linganisha mionzi mirefu (ya joto) inayoshuka kutoka angani na kipimo chochote utakachopata. Ukiona modeli iko chini kwa wati 30 siku za mawingu, usihangaike na upepo kwanza.

Tabaka 35 hazitoshi, au tuseme zimekaa vibaya. Katika mpangilio wa kawaida kitovu cha tabaka la kwanza kipo kati ya mita 25 na 30. Juu ya barafu usiku wa utulivu, hewa baridi yenye kina cha mita 30 ni kitu kizima: ina upepo wake na mwelekeo wake. Modeli yako inaimeza kwenye tabaka moja. Andika eta zako (orodha ya mipaka ya tabaka) mwenyewe. Tabaka la kwanza liwe na unene wa mita 16 hadi 20, ili kitovu kiwe mita 8 hadi 10, na uwe na tabaka 8 au zaidi chini ya mita 250, maana mikondo ya kasi ya usiku mara nyingi hukaa hapo. Jumla 60 hadi 65 zinatosha. Kwa mchanganyiko wa hewa ya chini mimi ningeanza na mpango wa MYNN pamoja na tabaka lake la uso, namba 5 na 5. Haishindi kila mahali, ila haichanganyi kupita kiasi hewa iliyotulia. Mipango mingi iliundwa iache hewa ichanganyike kidogo hata pale isipopaswa, ili uso usijitenge kabisa na anga. Matokeo yake ndiyo ile siku yako ya pili: modeli 12, kituo 3. Endesha siku 10 kwa MYNN na siku hizohizo kwa YSU, mpango mwingine wa aina hiyo, uone tofauti yake. Ikizidi tofauti kati ya kilomita 3 na kilomita 1, umeshapata jibu la wenzako.

Lakini wenzako hawajakosea kabisa. Milima inayozunguka Isfjorden ina mita 500 hadi 1,000. Chukua kimo cha mita 700, upepo wa mita 8 kwa sekunde, na hewa iliyotulia yenye N (kipimo cha utulivu wa kitabaka) ya 0.02: namba ya Froude, yaani nguvu ya upepo ikilinganishwa na kizuizi cha mlima, ni 8 ÷ (0.02 × 700), yaani karibu 0.57. Chini ya 1 hewa haina nguvu ya kuupanda mlima. Inauzunguka au inafuata hori. Ndani ya hori, upepo hauulizi upepo wa juu unaelekea wapi. Unaangalia mgandamizo ni mkubwa upande gani na mdogo upande gani, unakimbia kati ya kuta mbili. Tofauti ya hPa 1 tu kati ya ndani na mdomoni, ukiacha msuguano, inatosha kuipa hewa ya nyuzi −15 kasi ya mita 12 kwa sekunde. Hiyo hPa 1 ERA5 haiioni, kwa sababu haina hori. Gridi ya kilomita 3 inaiona nusunusu, kwa kuwa modeli huanza kuonyesha umbo la kitu vizuri pale kitu kinapofika upana wa visanduku 7 hivi. Kwa gridi ya kilomita 3 upana huo ni kilomita 21. Kwa gridi ya kilomita 1 ni 7, inatosha kwa Isfjorden yenyewe. Adventfjorden haifiki kilomita 5 kwa upana; kwa hiyo hata kilomita 1 haitoshi pale, utahitaji mita 500.

Kabla ya kulipia gharama hiyo, jipime kwa barometa. Chukua mgandamizo wa kituo cha uwanja wa ndege na wa kituo cha Isfjord Radio pale mdomoni, uvishushe vyote usawa wa bahari, utoe mmoja kwa mwingine. Kuwa makini na kimo. Kwenye hewa nzito ya baridi hPa 1 ni kama mita 7.5, kwa hiyo kimo kilichokosewa kwa mita 4 kimeshakula nusu ya ishara unayoitafuta. Fanya hivyohivyo kwa modeli. Ikiwa modeli ina tofauti sahihi ya mgandamizo lakini upepo dhaifu, ugonjwa upo kwenye uso au tabaka. Ikiwa tofauti yenyewe haipo, ugonjwa ni milima, na sasa gridi ndogo ina kazi ya kufanya.

Ukifika huko, ngazi ni 9, 3, 1, na 0.5 kwa eneo dogo tu. Kila ukigawa kwa 3 eneo lilelile linagharimu mara 27. Ramani ya miinuko inayokuja na WRF imepakwa laini. Badilisha uweke ya taasisi ya ncha ya Norway, ambayo ina mita 5, au ArcticDEM, ramani ya miinuko ya Aktiki, uipunguze ukubwa mwenyewe. Hapo modeli itaanza kuanguka, kwa kuwa kuta za Svalbard zimesimama wima. Kanuni ya hatua ya muda ya sekunde 6 kwa kila kilomita isahau, anza na 3, pandisha epssm, swichi ya kutuliza mawimbi ya sauti ndani ya modeli, kutoka 0.1 hadi 0.5, na lainisha miteremko inayozidi nyuzi 40. Usilainishe gridi yote kwa hasira, utauziba mlango wa bonde uliokuwa ukiutafuta. Mipango ya mvua za mawingu marefu iache kwenye kilomita 9 pekee. Endesha vipande vya saa 36 na utupe 12 za mwanzo, maana hewa baridi ya bondeni inahitaji muda kujaa.

Sasa kituo, ambacho umekiamini kama msahafu. Kipo mita 28 juu ya usawa wa bahari, kwenye rasi ya Hotellneset, karibu na pale Adventfjorden inapoingia Isfjorden, na mlima Platåberget umesimama nyuma yake. Soma HGT, kimo cha ardhi, ya kisanduku unacholinganisha nacho. Kwenye kilomita 3 sitashangaa ukikuta mita 150 au 200, yaani unalinganisha ufuo na kiuno cha mlima. Chagua kisanduku kwa kimo na aina ya uso. Ukaribu peke yake hautoshi. Halafu jiulize kituo kinapima nini. Kinapima sana hewa inayotoka Adventdalen, kutoka kusini-mashariki. Kilomita 8 baharini inaweza kuwa hadithi nyingine. Chuo cha UNIS kina mtandao wa IWIN, vituo vidogo kwenye minara ya taa kuzunguka hori, kama Bohemanneset, na vingine juu ya boti majira ya kiangazi. Kwa swali la upepo wa majini, hivyo ndivyo mashahidi wako. Vingi haviko mita 10, kwa hiyo sahihisha kimo, na usisahihishe kwa logi tupu usiku hewa ikiwa imetulia.

Pekua pia data zenyewe. Kipima upepo kikiganda kinaacha alama: sifuri, sifuri, sifuri kwa saa kadhaa, mwelekeo umekwama kwenye namba ileile, na kabla yake kulikuwa na unyevu mwingi chini ya sifuri. Baadhi ya “utulivu” wako wa siku modeli inapopiga 12 unaweza kuwa vikombe vilivyoshikwa na barafu. Visafishe kwa macho. Programu nyingi za kuchuja hazivikamati.

Kuhusu ASCAT. Ni chombo kizuri sana mahali pake. Kinapima ukwaruzo wa maji kwa rada, na visanduku vyake vya kilomita 25, au 12.5 kwa bidhaa ya pwani, vinahitaji maji matupu. Ndani ya hori la kilomita 10 hadi 20 kila kisanduku kimeguswa na nchi kavu au barafu, na kilichobaki kimeshatupwa kabla hakijakufikia. Ukipata thamani ndani ya Isfjorden, ishuku. Itumie magharibi ya Svalbard, kwenye bahari wazi, kuhakikisha kwamba upepo unaoingia kwenye gridi yako ni mzima. Kumbuka inatoa upepo kana kwamba hewa haijatulia wala haichemki, kwa hiyo hewa baridi ikimwagika juu ya maji ya joto ASCAT itasoma juu kidogo ya kipima upepo bila mmoja wao kukosea. Ndani ya hori tumia satelaiti ya rada ya Sentinel-1, bidhaa yake ya upepo ya kilomita 1. Picha moja ya siku yenye mwagiko wa hewa kutoka bondeni inaonyesha ulimi wa upepo ukitoka na kivuli chake upande wa demani, na hapo utajua kama modeli yako ina ulimi na umekaa wapi. Ila rada inaazima mwelekeo kutoka modeli nyingine, na barafu nyembamba inaweza kujifanya maji yaliyochafuka. Itumie kukagua umbo. Kuiingiza ndani ya modeli kwa kazi ya uzamili sikushauri.

Hapa nina swali kwako: una uhakika unahitaji kuendesha WRF? CARRA, uchambuzi upya wa Aktiki wa Copernicus (mpango wa Ulaya wa kuangalia dunia), una gridi ya kilomita 2.5 na eneo lake la mashariki linaifunika Svalbard. Unaanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, una tabaka 65, na una upepo wa vimo kadhaa kuanzia mita 15. AROME-Arctic, modeli ya utabiri ya Norway, nayo kilomita 2.5, ina kumbukumbu tangu mwisho wa 2015. Zote mbili zimejengwa na watu walioishi na matatizo haya kwa miaka. Kwa mawimbi ya Isfjorden ya kati na mdomoni, mimi ningechukua CARRA kama ilivyo, nikakagua barafu yake, nikaenda mbele. Gridi ndogo ya WRF ningeiweka kwenye matawi ya ndani tu, na ningeilisha CARRA badala ya ERA5 kama muda unaruhusu kuandaa faili zake. Hiyo nayo ni kazi, wiki kadhaa, usiidharau. Ukibaki na ERA5, inafanya kazi, mradi ngazi ya nje iwe pana na uifunge modeli kwa ERA5 kwenye mifumo mikubwa ya hewa tu, juu ya tabaka la mpaka (hewa ya chini inayoguswa na uso), ngazi ya kwanza peke yake.

Katika kupima usitegemee wastani wa mraba wa makosa. Modeli ya mita 500 inayoleta ulimi wa upepo saa moja mapema inaadhibiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kuwa nao ambapo haupo, mara ya pili kwa kuukosa ulipo. Modeli butu isiyo na ulimi kabisa inapata alama nzuri zaidi. Gawa siku zako: upepo unaotoka ndani ya hori, unaoingia, na unaokatiza. Kisha kila kundi ligawe kwa maji na barafu. Linganisha mgawanyo wa kasi na waridi la upepo (mchoro wa pande upepo unakotoka), na vipimo viwe wastani wa dakika 10 au saa, visiwe vya mpigo. Ukifanya hivyo utagundua zile siku zako mbili, ya 4 kwa 11 na ya 12 kwa 3, haziko kundi moja. Usizitafutie kosa moja la kuzirekebisha zote, wala usizidishe upepo wote kwa namba moja ili wastani ukae sawa. Utaharibu siku zilizokuwa nzima.

Mambo haya unaweza kuyafanya peke yako kwa wiki 3 au 4. Yapo ambayo usiyafanye peke yako. Modeli ikianguka kila mara kwenye kisanduku kilekile baada ya kupunguza hatua ya muda na kulainisha, peleka namelist (faili la mipangilio), faili la makosa na mchoro wa W (kasi ya hewa ya kupanda na kushuka) wa hatua za mwisho kwa wahandisi wa kompyuta kuu unayoitumia. Kukisia swichi kutakumalizia muda wako wa mahesabu. Barafu ya matawi ya ndani ikikupa shaka, kaa nusu saa na mtu wa UNIS anayeijua Tempelfjorden kwa miguu. Na mtu akikuomba upepo wako ili aamue kama boti itoke, au kama barafu ipitwe kwa pikipiki ya theluji, usimpe. Upepo mkali pamoja na baridi hugandisha maji yanayorukia boti mpaka ikalemewa, na tofauti kati ya 10 na 14 hapo ni tofauti ya watu kurudi. Mwelekeze kwa watabiri wa zamu wa taasisi ya hali ya hewa, ambao wana modeli na wana macho ya kuisoma.